Jeraha Moja, Kalamu Mbili

Mshairi wa Kimarekani Henry Wadsworth Longfellow alipotunga, mwaka 1857, shairi la kumsifu Florence Nightingale, aliwaachia watunzi waliomfuata urithi ambao umetumiwa mno: mwanamke mwenye taa mkononi, apitaye usiku baina ya vitanda vya askari waliojeruhiwa, na hata kivuli chake kinakuwa faraja kwa mgonjwa. Taswira hiyo ni nzuri, na imedumu. Lakini Nightingale mwenyewe, aliyefika Scutari mwezi wa Novemba 1854 akiwaongoza wanawake 38, hakushughulika na kuandika habari za taa. Aliandika habari za mifereji ya maji machafu, hewa, mashuka na hesabu ya waliokufa; akachora michoro ya takwimu ili serikali yake ione kwa macho kwamba katika vita vile vya Crimea maradhi yaliwaua askari wa Kiingereza wengi kuliko walivyouawa na silaha za Warusi. Mshairi alitazama kivuli, muuguzi alitazama mfereji. Na tangu siku hizo ushairi wa vita, kila unapomtaja muuguzi, aghalabu hukimbilia kivulini.

Kwa ajili hiyo vipo vitabu viwili vya Vita Kuu ya Kwanza vinavyostahili kusomwa na kila mpenzi wa ushairi, na kusomwa pamoja. Cha kwanza ni The Backwash of War cha Ellen La Motte, kilichotoka New York mwaka 1916. Cha pili ni The Forbidden Zone cha Mary Borden, kilichotoka mwaka 1929, ingawa sehemu yake kubwa iliandikwa vita vikiwa bado vinapiganwa. Waandishi wote wawili ni Wamarekani, na wote wawili walifanya kazi katika hospitali moja ya kijeshi ya Wafaransa, katika ardhi ya Ubelgiji karibu na Roesbrugge, umbali wa kiasi cha kilomita 10 nyuma ya mstari wa mapigano. Harufu iliyomo katika kurasa za mmoja ndiyo iliyomo katika kurasa za mwenzake. Na zaidi ya harufu, kuna kisa ambacho kila mmoja alikiandika kwa njia yake, na katika kisa hicho ndimo linamoonekana lile ambalo taa ya Longfellow haikulimulika.

Wanawake hawa hawakuwa wa daraja moja. La Motte, aliyezaliwa mwaka 1873, alikuwa muuguzi aliyesomea kazi yake katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, akaifanya miaka mingi miongoni mwa wagonjwa wa kifua kikuu kabla hajafika Ulaya. Borden, aliyezaliwa Chicago mwaka 1886, alikuwa binti wa tajiri. Hakuwa na mafunzo ya uuguzi, bali alikuwa na fedha, na kwa fedha zake hospitali ile ilianzishwa mwaka 1915 ikawekwa chini ya jeshi la Ufaransa. Basi mmoja alikuwa fundi aliyeajiriwa, na mwingine mwenye nyumba. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwani litarudi.

Jina la kitabu cha La Motte linaeleweka upesi na mtu wa kisiwani kuliko na mtu wa bara. Katika dibaji yake anasema kwamba vita ni mwendo wa nguvu kubwa, na nyuma ya mwendo huo uchafu wa chini unatibuliwa na kupanda juu. Kila aliyesimama gatini meli kubwa ikiondoka ameyaona maji hayo: tope, majani yaliyooza, na vitu ambavyo bahari ilikwisha kuvificha. La Motte hadai kwamba hayo ndiyo vita vyote. Anasema tu kwamba yeye aliwekwa upande huo wa chombo, na aliyoyaona ndiyo anayoyaandika. Serikali za Uingereza na Ufaransa zilikipiga marufuku mara moja. Marekani kiliuzwa mpaka mwaka 1918, nchi hiyo ikiwa nayo imo vitani, ndipo kikazuiwa. Hakikuchapishwa tena mpaka mwaka 1934.

Kisa chake cha kwanza kinaitwa "Heroes", yaani mashujaa. Askari mmoja amechoka, amejipiga bastola mdomoni ili afe, lakini risasi imemwacha hai, jicho moja limeng'oka na fuvu limeharibika. Anabebwa kwa gari la wagonjwa, anatukana na kupiga kelele, analazwa, anapasuliwa. Kujiua ni kosa la kijeshi, na kosa hilo lina adhabu. Lakini sheria haitaki kumpiga risasi mtu asiyeweza kusimama. Basi auguzwe vizuri, apone, apelekwe mahakamani, kisha asimamishwe ukutani. Muuguzi wa zamu ya usiku anaketi kati ya waliolala, na wazo linamjia: kazi hii ya kumponya mtu ili auawe haina mwisho wa maana. Hapo mwandishi wa kawaida angelisimama akalia. La Motte hasimami. Anamfanya muuguzi wake ageuze macho, awatazame wale wengine wodini, mashujaa wenye nishani chini ya mito, wanaougua, wanaogombania chakula na mvinyo, wanaofungwa vidonda vyao ili warudishwe kwenye mahandaki. Tofauti iko wapi? Swali linaachwa hapo, nalo ni baya kuliko kilio.

Ufundi wa La Motte ni kejeli, na kejeli yake ni ya baridi, haina kicheko. Anatumia maneno ya wakubwa wa jeshi kama wanavyoyatumia wenyewe (wajibu, taifa, ushindi wa tiba) na kuyaweka kando ya kitanda, basi. Katika kisa cha mtoto wa Kibelgiji wa miaka kumi aliyejeruhiwa tumboni na kuletwa, kwa bahati mbaya ya kila mtu, katika hospitali ya askari, hakuna anayemtaka: yeye ni raia, anachukua kitanda, analia usiku akimwita mama yake na kuwasumbua waliojeruhiwa kwa heshima. Mama analetwa. Anakuja kwa shingo upande, mawazo yake yako kwenye kilabu chake cha pombe huko Ypres, ambako askari ni wateja wazuri, na anataka kurudi. Mpwani aliyelelewa na methali ya kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi ataisoma hadithi hii kwa tabu. La Motte hamlaani mama huyo wala hamtetei. Ameyaona maji yaliyotibuliwa, na mama naye ni sehemu ya maji hayo.

Kisa cha kinyozi wa Paris ndicho kikali kupita vyote. Mwanawe amerudishwa kwake akiwa hana mikono wala miguu, tena kipofu, amevishwa viungo vya kuundwa, na madaktari wanajivunia kazi yao. Kijana hana ombi kwa baba yake ila moja, kwamba amuue.

Hata hivyo kitabu hiki kina kasoro, na si ndogo. Baada ya visa vitano au sita msomaji huanza kuusikia mwiba kabla haujamchoma. Anajua kwamba sentensi ya mwisho itamgeuzia kibao. Kejeli ikizidi huwa nayo ni desturi, kama vile sifa zilivyo desturi. Na jambo la pili ni kubwa zaidi: katika kurasa hizi muuguzi ana macho na ana akili, lakini ni kama hana mikono. Anaona, anapima, anahukumu. Askari wa "Heroes" anauguzwa, lakini ni nani anayemuuguza? Anayefunga bendeji anajua anachokifunga, na La Motte hamfikishi muuguzi wake mahali pa kuchagua.

Borden anamfikisha.

Kisa chake kinaitwa "Rosa". Mtu ni wa namna ile ile: askari, mkubwa wa mwili, amejaribu kujiua na risasi haikumaliza kazi, sheria ni ile ile. Hasemi neno lolote ila jina hilo moja la kike, analiita mchana na usiku, hata wauguzi wakamwita yeye kwa jina hilo kwa kuwa jina lake halikuwa na faida kwa mtu. Tena ana tabia ya kuing'oa bendeji kichwani. Kila anapoing'oa, hufungwa upya. Msimulizi, ambaye ndiye mwenye madaraka ya wauguzi, anakwenda kwa wakubwa kumwombea. Anajibiwa kwamba sheria ni sheria. Basi jioni anamwambia muuguzi wa zamu: Rosa akiing'oa bendeji usiku huu, usiirudishe. Na Rosa akafa.

Kwa maneno machache hayo fasihi ya uuguzi inatoka katika mlango iliyokuwa imefungiwa. Si malaika tena, wala si shahidi aliyesimama kando. Ni mtu aliyeua kwa huruma, au aliyeacha kuzuia kifo, na hatuambiwi lipi kati ya mawili hayo ndilo jina la kitendo chake. Borden hatafuti msamaha wa msomaji. Hapambi. Sentensi zake katika kisa hiki ni fupi na hazina fahari.

Lakini hapa ndipo panapohitajika lile lililosemwa mwanzo juu ya fundi na mwenye nyumba. Aliyetoa amri alikwenda kulala, au angalau aliondoka wodini. Aliyekaa mpaka alfajiri kando ya kitanda, akaiona bendeji ikianguka na mikono yake imetulia mapajani, ni muuguzi wa zamu, na huyo hana jina wala hana kurasa. Alitii. Je, aliridhika? Borden anampa kusita kidogo tu, kisha anamwachia usiku mzima. Kisa hiki kikubwa kina kisa kingine ndani yake kisichoandikwa, na huenda ni La Motte, fundi wa kuajiriwa, ambaye angeliweza kukiandika kama angalithubutu kuishusha kejeli yake chini. Vitabu viwili hivi vinahitajiana kwa namna hiyo: kimoja kina swali bila ya mkono, kingine kina mkono uliotumwa na mwingine.

Borden ana mambo ambayo La Motte hakuyafikia. Katika "Conspiracy" anawafananisha majeruhi na nguo: zinachafuka, zinachanika, zinapelekwa kufuliwa na kushonwa, zinarudishwa kuvaliwa tena, na tena, mpaka kitambaa kisiweze kushika uzi. Muuguzi ni mtia viraka. Tashbihi hii ni ya nyumbani kabisa, ya sindano na kapu la nguo, na kwa sababu hiyo inatisha. Katika "Moonlight" muuguzi yuko chumbani usiku, amezoea mizinga kiasi kwamba kimya ndicho kingemwamsha, naye anakiri kwamba hapa si mwanamke tena, kwa kuwa waliomo humu nao si wanaume tena, ni vipande. Maumivu anayapa nafsi ya kike, mnyama na kahaba kwa wakati mmoja, anayelala na kila mgonjwa.

Na kuna wimbo wake wa tope, "The Song of the Mud", uliokuwamo katika mashairi aliyoyachapisha mwaka 1917 akitokea uwanja wa Somme. Mpenzi wa kasida ataitambua mara moja njia iliyofuatwa. Hapa pana wimbo wa sifa, mrefu, wenye mistari iliyopanuka kama pumzi ya mwimbaji, unaomsifu mwenye kusifiwa kwa kurudiarudia jina lake, mavazi yake, uwezo wake na ukarimu wake; ila msifiwa ni tope. Tope linawavika askari, tope linaimeza mizinga, tope linawazika watu bila ya kuacha alama. Borden hakuivunja fani ya sifa. Aliiacha nzima, akabadilisha aliyemo ndani yake. Kwa watunzi wa pwani, ambao sifa ni mojawapo ya vyombo vyao vikongwe, hilo ni somo kubwa kuliko vitabu kadhaa vya nadharia.

Inafaa kumtaja hapa Vera Brittain, kwa kuwa jina lake ni mashuhuri kuliko majina ya hawa wawili. Diwani yake ya 1918, Verses of a V.A.D., ni ya msichana aliyefiwa, na inawatukuza waliokufa kwa vina vilivyonyooka. Miaka 15 baadaye, katika Testament of Youth, ndipo alipoweza kusimulia wodi ya Étaples ya mwaka 1917, ambako aliwauguza mateka wa Kijerumani waliojeruhiwa, naye ana kaka aliye vitani akipigana na Wajerumani hao hao. Nathari ya 1933 ni pevu. Mashairi ya 1918 yamebaki kuwa kumbukumbu. Vina vilifika mapema mno.

Na hatari ya vina kufika mapema haiko Ulaya peke yake. Bahari ya Hindi nayo ina ukurasa wake. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa imechukua wanajeshi na wauguzi. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Wanawake walikuwa 77, wengi wao wauguzi wa jeshi. Na waliokufa pamoja nao ni mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Wakati manusura wangali wanaogelea, manowari ya ulinzi Petard ilitupa mabomu majini, mahali walipokuwa, ili kuipata nyambizi iliyojificha chini yao.

Malenga atakayeililia meli hiyo ana njia mbili. Ya kwanza ni nyepesi na ina vina tele: wauguzi 77 wawe mawaridi, wawe nyota, wawe taa zilizozimwa na maji. Ya pili inamtaka aseme kwamba mkono ulioachilia mabomu ulikuwa wa rafiki, kama ulivyokuwa wa rafiki ule ulioiacha bendeji ya Rosa ilipoanguka. Na aseme pia kwamba wapiga mizinga wale walikufa katika maji yale yale. Bahari ya utenzi haishindwi na hayo. Hemedi bin Abdallah, Abdul Karim bin Jamaliddini, na Shaaban Robert aliyeandika juu ya vita vya 1939 hadi 1945, wote walionyesha kwamba ubeti wa mizani minane unaweza kubeba vita. Linalobaki kujaribiwa ni kama unaweza kubeba kusita kwa mtu mmoja usiku.

Hilo linaleta suala la tafsiri, kwani vitabu hivi vinahitaji kuvikwa Kiswahili. Mfasiri atakuta msaada asioutarajia. Kuuguza kumetokana na kuugua, na kitenzi kina ile kauli ya kusababisha, kama kwamba mwenye kuuguza anashiriki kwa namna fulani katika ugonjwa wa mwenzake. Kwa watu wa pwani neno hilo ni la nyumbani kabla ya kuwa la kazi. Mtu huuguza mama, huuguza mume, na huku akimuuguza hulala chini ya kitanda chake. La Motte, mwenye baridi, atapata taabu katika neno lenye joto namna hiyo, na taabu hiyo itamfaa. Uchungu nao ni neno moja kwa kidonda, kwa huzuni na kwa mzazi aliyekaribia kujifungua. Pale Borden anapoyafanya maumivu kuwa mwanamke, Kiswahili kimekwisha kumtangulia nusu ya njia. Mfasiri akitaka kuyapa uhai hana haja ya kuyaita bibi. Ayaondoe tu katika ngeli yake ayatie katika ngeli ya watu, kama hadithi za watoto zifanyavyo kwa sungura na kwa jiwe, aandike kwamba uchungu ameingia, uchungu ameketi kitandani, na msomaji atashtuka kabla hajajua kilichomshtua.

Upande mwingine lugha itamnyima. Kiambishi chetu cha nafsi hakitofautishi mume na mke. Katika "Moonlight", muuguzi anaposema kwamba amekwisha kuacha kuwa mwanamke, Kiingereza kinasikia mshindo wa mlango. Kiswahili, ambacho hakikuwa kikimwita mwanamke katika kila sentensi, kinasikia kidogo tu. Mfasiri mwaminifu atalazimika kuuweka uanamke wake mapema, katika mambo madogo, nywele, aproni, sauti, ili uwepo wa kupotezwa.

Na Rosa je? Kwa Kiingereza msomaji anajua tangu sentensi za mwanzo kwamba mwenye kuitwa kwa jina la kike ni mwanamume, kwa kuwa kila kiwakilishi kinamkumbusha. Kwa Kiswahili, mara baada ya wauguzi kumpa jina hilo, kurasa zitaanza kusema Rosa alilala, Rosa aliing'oa bendeji, Rosa alinyamaza, na polepole askari atatoweka ndani ya mwanamke aliyekuwa akimwita. Mfasiri anaweza kuzuia hilo kwa kuongeza neno askari hapa na pale. Asiongeze.